Ile chupa ya soda ghalani kwa shosho si soda

Mwaka niliotoka chuo kwa kukosa karo, nilirudi ushago Kirinyaga kumsaidia shosho kwenye kahawa. Siku moja saa saba mchana, jua linawaka si mchezo, nikaingia ghalani kutafuta kivuli. Juu ya gunia la mbolea kulikuwa na chupa ya soda ya plastiki, karatasi yake bado iko, imejaa karibu nusu. Kiu ilikuwa imenikaba. Nikaichukua, nikafungua kifuniko.

Kilichoniokoa ni harufu. Mazee, ilinuka vibaya mpaka nikairudisha nyuma kwa mkono. Kabla sijaelewa, shosho alikuwa mlangoni.

“Wee! Weka hiyo chini! Hiyo ni dawa ya kuchoma nyasi!”

“Sasa shosho, mbona iko kwa chupa ya soda?”

“Lita nzima ni pesa nyingi. Pale dukani walinipimia tu ya kunitosha.”

Dawa yenyewe ni parakwati. Kwenye lebo huandikwa paraquat, na jina la biashara ambalo wazee wengi wanalijua ni Gramoxone. Imekuwa sokoni tangu 1962. Ile harufu, pamoja na rangi ya buluu, viliwekwa makusudi na watengenezaji, maanake watu walikuwa wanaikosea kwa kinywaji na kufa. Wakaongeza pia kitu cha kutapisha. Lakini mtoto mwenye kiu hanusi kwanza. Anapiga pafu ndipo anauliza.

Tusijifanye hatuelewi kwa nini watu wanaipenda. Kupalilia ekari moja kwa jembe ni siku kadhaa, na vibarua wanataka doo yao jioni. Hii unapiga asubuhi, jua likiwaka nyasi zinaanza kunyauka siku hiyo hiyo. Dawa nyingine kama glifosati huchukua siku nyingi kwa sababu lazima ishuke hadi mizizini. Halafu parakwati ikigusa udongo hushikwa na chembechembe zake na kuacha kufanya kazi, kwa hivyo unaweza kupanda bila kungoja sana. Kwa mkulima anayekimbizana na mvua, hiyo ni dili.

Shida ni namna inavyoua. Inateka nguvu ambayo jani linavuna kutoka kwa jua na kuigeuza kuwa kemikali kali zinazorarua jani kutoka ndani. Ndani ya mwili wa binadamu inafanya kitu kama hicho, na mahali inapopapenda zaidi ni mapafu. Seli za mapafu huivuta na kuilimbikiza. Funda moja la dawa ambayo haijachanganywa na maji linaweza kumuua mtu mzima. Na haiui papo hapo. Mtu anaweza kuchomeka mdomo na koo, kisha akaonekana ana nafuu, anaongea vizuri, anaomba chai. Baadaye figo zinagoma, mapafu yanakakamaa kidogo kidogo, na yeye akili yake iko timamu, anajua kila kitu. Dawa ya kuitengua hakuna. Hata oksijeni, ambayo hospitali humpa anayekosa pumzi, inaweza kuzidisha madhara.

Sasa fikiria wenye hasara kubwa zaidi: masee wa rika letu wanaopiga dawa kwa kibarua, wanalipwa kwa mtungi. Pale kijijini nimewaona na tisheti na patipati, pampu mgongoni inavuja hadi suruali inalowa. Tundu la kunyunyizia likiziba, jamaa analipuliza kwa mdomo, anafuta midomo kwa mkono, anaendelea. Ngozi nzima huzuia sehemu kubwa ya sumu hii, lakini ukiwa na kidonda au ukikaa na nguo iliyolowa saa nyingi, inapenya. Huko Marekani maelfu ya watu wamefika kortini wakidai iliwaletea ugonjwa wa Parkinson. Kampuni ya Syngenta, ambayo imekuwa ikiiuza, inakana.

Kinachoniuma ni hiki. Uswisi, nyumbani kwa makao makuu ya Syngenta, iliipiga marufuku 1989. Umoja wa Ulaya uliiondoa 2007. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo, kiwanda kimoja mjini Huddersfield, Uingereza, kiliendelea kuitengeneza kwa ajili ya nchi za nje. Yaani ni hatari mno kwa shamba la Mzungu, lakini kwa shamba la mwingine ni sawa tu.

Na usiambiwe kwamba bila hiyo watu watalala njaa. Korea Kusini ilisimamisha mauzo yake 2012. Vifo vya sumu za shambani vilipungua sana, na mavuno hayakuporomoka. Brazil na Thailand, nchi za kilimo hasa, nazo ziliipiga marufuku 2020.

Sisi wa mjini tunaingiaje hapa? Ni sisi tunaotuma pesa. “Mum, nimekutumia ya dawa ya nyasi.” Umewahi kuuliza ni dawa gani na inawekwa wapi? Mwambie asikubali kupimiwa. Kiua magugu chochote kiwe kwenye kopo lake, lenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayodhibiti dawa za shambani nchini. Kifungiwe mbali na chakula na watoto. Na kama ni kahawa au mboga, matandazo ya nyasi kavu huzuia magugu mengi bila sumu yoyote.

Mtu akiimeza, hata kidogo, hata kama anasema yuko poa, usingoje dalili na usimpe maziwa ukidhani yatamponya. Mkimbize hospitali, na ubebe lile kopo ili daktari ajue anapambana na nini. Ikimwagikia mtu, mvue nguo, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Na kama kuna mtu kwenu ambaye maisha yamemlemea, usiache sumu kama hii mahali anapoifikia. Keti naye, mwongee. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haikati pesa.

Siku ile sikumlaumu shosho. Alinunua kile mfuko wake ulimruhusu, kwa chupa aliyopewa. Jioni nilishuka sokoni nikanunua kufuli. Kisha nikamwomba kitu kimoja: palizi ijayo, pesa ya dawa anipe mimi na binamu zangu, tulime na jembe.

Mgongo uliniuma wiki nzima. Lakini watoto wa pale nyumbani wanaingia ghalani kutafuta mayai ya kuku, na siku hizi naweza kulala.