Kabla ya Kulipia Shamba: Daftari Lisomwe, Mke Aulizwe

Askari aishiye kambini hana shida ya nyumba leo, lakini siku ya kustaafu hana budi kuwa na mahali pake. Ndiyo maana nchini Uganda askari wengi wa jeshi na polisi huweka akiba ili wanunue kiwanja au shamba. Tangu mwaka 2007, Uganda ilipoanza kupeleka majeshi Somalia, wako pia wanaonunua ardhi wakiwa mbali, kwa kutuma fedha kwa ndugu au rafiki. Ununuzi wa namna hiyo una hatari yake. Mnunuzi hajaliona shamba, hajamwona muuzaji, wala hajasoma daftari la Serikali. Alicho nacho ni karatasi yenye sahihi na muhuri tu.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba karatasi ya mapatano si umiliki. Kwa ardhi iliyoandikishwa, mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake limo katika daftari. Mapatano humpa mnunuzi haki ya kumdai muuzaji; hayamfanyi kuwa mwenye ardhi mpaka uhamisho uandikishwe.

DAFTARI LA KOMPYUTA

Zamani kazi ya kulisoma daftari hilo ilikuwa nzito, kwa kuwa habari zote zilikuwa katika vitabu na majalada ya karatasi. Mwaka 2013 Wizara ya Ardhi ilianza kutumia mfumo wa kompyuta katika ofisi sita: Kampala, Wakiso, Mukono, Jinja, Masaka na Mbarara. Baadaye mfumo huo ulienezwa katika kanda nyingine. Mnunuzi akiwa na namba za bloku na ploti, hulipa ada ndogo akapewa taarifa ya jina la mwenye ardhi, na kama ardhi imewekwa rehani au imewekewa zuio.

Hata hivyo kompyuta haioni shamba lenyewe. Mpima ardhi hana budi kufika na kuonyesha mipaka, na majirani pamoja na mwenyekiti wa LC waulizwe ni nani anayekaa hapo na tangu lini.

IDHINI YA MKE AU MUME

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2004, inalinda ardhi ya familia, yaani ile yenye nyumba ambamo familia inakaa, pamoja na shamba linaloilisha. Ardhi hiyo haiuzwi, haiwekwi rehani wala haitolewi zawadi bila idhini ya mke au mume kwa maandishi. Mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili. Hata mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, asijue kwamba idhini haikutolewa, hapati shamba. Haki yake ni kumdai muuzaji fedha alizolipa. Kuzipata huwa kazi nyingine.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara haridhiki na maneno ya muuzaji kwamba "mama watoto anajua". Humwona mama huyo mwenyewe, na idhini huandikwa ikatiwa sahihi yake. Naye mke ambaye mumewe yuko kazini mbali, akisikia fununu za mauzo, anaweza kuweka zuio katika ofisi ya ardhi. Sheria inasema kwamba zuio la namna hiyo halikomi maadamu haki yake ya kukaa juu ya ardhi ile ingalipo.

MAILO NA KIBANJA

Katika Buganda ardhi moja huweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati ya mailo, na mwenye kibanja anayekaa na kulima juu yake. Aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa na mwenye ardhi analindwa na sheria, na haki yake haifutwi kwa sababu hati imeuzwa kwa mtu mwingine. Anunuaye hati hununua pamoja na watu waliomo.

Mwenye kibanja naye ana wajibu. Tangu marekebisho ya mwaka 2010, akiuza bila kwanza kumpa mwenye ardhi nafasi ya kununua, anaweza kufungwa hadi miaka 4, na mauzo yakawa batili. Basi anunuaye kibanja na adai kuona kwa maandishi jibu la mwenye ardhi.

MPAKA JINA LIANDIKWE

Mapatano yaandikwe na wakili, fedha zipitie benki, kisha ushuru wa stempu ulipwe, ambao kwa uhamisho ni asilimia 1.5 ya thamani ya ardhi. Karatasi zote, pamoja na hati na idhini, hupelekwa ofisi ya ardhi. Tangu tarehe 1 Julai 2024 Uganda inatumia toleo jipya la sheria zake, na namba zimebadilika: Sheria ya Ardhi, iliyokuwa Sura ya 227, sasa ni Sura ya 236, na ile ya Uandikishaji wa Hati Miliki imetoka Sura ya 230 kuwa 240. Mwandishi wa mapatano angalie asinakili namba za fomu za zamani.

Askari aliye mbali na amteue mwakilishi kwa hati ya uwakili, na aagize kwamba jina litakaloandikwa katika daftari liwe lake, au lake na la mkewe. Shamba likiandikwa kwa jina la ndugu, kifo cha ghafula huwaacha mjane na watoto mikono mitupu. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022 yalimwongezea mjane sehemu yake kutoka asilimia 15 hadi 20 pale marehemu asipoacha wasia, na watoto wana asilimia 75. Lakini hugawiwa mali ya marehemu tu, si mali iliyoandikwa kwa jina la mwingine. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.