Kwa nini amplifaya ya kidijitali huzima katikati ya wimbo?

Bendi imepamba moto, watu wanacheza, mara gitaa la solo linakata. Amplifaya imezima, halafu sekunde chache baadaye inajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Wapiga gitaa wengi wakiona hivyo wanasema, "Programu imeharibika." Mara nyingi programu inasingiziwa tu.

Hebu tuangalie kilichomo ndani. Amplifaya za zamani zilitumia valvu za kioo, na ule mkwaruzo mtamu wa sauti ulitokana na valvu kuzidiwa. Mwaka 1996 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa AxSys 212, mojawapo ya amplifaya za kwanza kuiga tabia hiyo kwa hesabu. Sauti ya gitaa hupimwa, tuseme, mara 48,000 kwa sekunde. Kila kipimo hugeuzwa kuwa namba, prosesa inapiga hesabu zake, kisha namba zinarudishwa kuwa umeme wa sauti. Yaani ndani ya lile boksi mna kompyuta ndogo.

Hapo ndipo tofauti inapoanzia. Valvu ikichoka, mara nyingi hukuonya: sauti inafifia taratibu, unaichomoa, unaweka nyingine. Kompyuta haina uchovu wa aina hiyo. Prosesa inahitaji volti ndogo zilizotulia, kama 3.3 au pungufu. Zikishuka mno, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, saketi ya ulinzi inaiwasha upya.

Sasa, nani anazishusha? Mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita za elektroliti kwenye pawasaplai. Kapasita ni kama tangi la maji la nyumbani: bomba likiyumba, ndani mnaendelea kuoga. Lakini kapasita hii ina kimiminika ambacho hukauka polepole, na joto huharakisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikipungua, maisha yake huongezeka mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105 hukadiriwa kudumu saa 8,000 kwenye nyuzi 85, na saa 32,000 kwenye nyuzi 65. Kwa mtu anayepiga saa nne kila siku, hiyo ni tofauti kati ya miaka mitano na nusu hivi na miaka 22. Kuziba matundu ya hewa kwa kitambaa au ukuta si jambo dogo!

Mtuhumiwa wa pili ni mtikisiko. Kama spika imo kwenye boksi hilohilo, saketi inatikiswa kila noti inapolia. Ongeza kupanuka na kusinyaa kwa joto, na lehemu hupata nyufa, soketi nazo hulegea.

Programu nayo haina usafi wa malaika. Umeme ukikatika wakati unaisasisha, amplifaya inaweza kugoma kabisa kuwaka. Usisasishe siku ya shoo.

Kabla ya kwenda kwa fundi, chunguza dalili. Inazima baada ya kupata moto? Fikiria joto na kapasita. Inakatakata ukigusa waya au soketi? Fikiria lehemu. Inagoma kwenye sauti moja tu uliyoihifadhi, nyingine zote ziko sawa? Hapo shuku programu. Ila usifungue boksi mwenyewe: umeme wa volti 230 ukinyooshwa ndani ya pawasaplai hufika takribani volti 325, na kapasita inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Mweleze fundi dalili hizo. Ukimwambia tu "imekufa", anaweza kukushauri ununue bodi nzima. Ukimwambia inazima ikipata moto, ataanza na kapasita, na huenda kumbe tatizo ni kijikopo kimoja kilichokauka.