Somo: Tabasamu ni Sadaka Ndogo



Leo twataka kuwaeleza jambo dogo ambalo kila mtu aweza kulifanya, mzee na kijana, tajiri na maskini: nalo ni kutabasamu. Labda wengine watauliza: Je, tabasamu nalo ni la kufundishwa? Mtoto mchanga wa miezi miwili humtabasamia mama yake, wala hakufundishwa na mtu. Ni kweli. Lakini kumtabasamia anayetupenda ni rahisi. Kumtabasamia jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba ni kazi. Kazi hiyo ndiyo somo letu.

Tumtazame Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Alizaliwa Alençon, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1873. Mwaka 1888, akiwa na miaka 15, aliingia katika monasteri ya Wakarmeli huko Lisieux. Humo palikuwa na sista mmoja ambaye mwenendo wake na maneno yake yalimchukiza sana Tereza. Nao walikaa ndani ya ukuta mmoja siku zote! Tereza alifanyaje? Alimwombea kila alipokutana naye, akamtumikia kadiri alivyoweza. Aliposhikwa na tamaa ya kumjibu vibaya, alimtabasamia, akageuza mazungumzo. Na vita ilipozidi nguvu zake, aliondoka upesi. Siku moja sista yule akamwuliza ni kitu gani kinachomvuta kwake, hata amtabasamie kila amwonapo. Hakuwa ametambua vita iliyokuwa moyoni mwa mwenzake.

Je, huo si unafiki? Sivyo. Mnafiki hutabasamu ili apate faida au afiche mtego. Tereza alitabasamu ili mwenzake apate amani, na kwa sala aliuongoza moyo wake ufuate uso wake.

Wataalamu nao wamechunguza jambo hili. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, aliandika ya kuwa mdomo hutii mapenzi yetu, lakini msuli unaozunguka jicho huamshwa na furaha ya kweli. Ndiyo sababu mikunjo midogo huonekana pembeni mwa macho ya mtu aliyefurahi. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa juu ya watu 3,878 katika nchi 19. Ulionyesha kwamba mtu akiufanya uso wake kuwa wa tabasamu, furaha yake huweza kuongezeka kidogo. Kidogo tu, kwa maana tabasamu si dawa ya kila huzuni. Hata hivyo twaona ya kuwa uso na moyo husaidiana.

Tufanyeje basi? Asubuhi tuamkapo, kabla ya kusema neno lo lote, tuvute pumzi polepole, tumshukuru Mungu, tutabasamu. Njiani kwenda mtoni au shambani, tumtazame tunayekutana naye, tumsalimu kwa uso mkunjufu. Jioni turudipo na uchovu, tusimame kidogo mlangoni, tuulegeze uso, ndipo tuingie kwa watoto.

Lakini tuwe na busara. Penye msiba, machozi ya pamoja yafaa kuliko tabasamu. Wala anayepigwa au kudhulumiwa asiambiwe atabasamu na kunyamaza. Huyo apewe msaada na haki yake.

Tereza alikufa mwaka 1897 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 24. Hakufika katika nchi za misioni hata siku moja. Walakini mwaka 1927 Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misioni. Matendo yake yalikuwa madogo kama haya.

Swali: Tabasamu la upendo ni nini?
Jibu: Ni zawadi tunayompa mwenzetu kwa moyo mwema, hata asipotuvutia.

Juma hili kila mmoja wetu amchague mtu mmoja anayemwona mzito. Amwombee, kisha amtabasamie. Mungu awabariki.