Chui, Mbuzi na Majani: Fumbo la Wazee Lafunza Kompyuta

Wazee wa pwani wana fumbo ambalo hata leo laweza kumtoa mtu jasho. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, naye ataka kuvuka maji kwa mashua isiyochukua ila yeye na kimoja tu kati ya hivyo. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yatakwisha. Atavukaje?

Fumbo hili lilisimuliwa huko Unguja. Kwa watu wa Kibarani, habari za kungoja kuvuka si ngeni, maana kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, hori ilivukwa kwa feri.

Huenda msomaji akauliza, fumbo na kompyuta wapi na wapi? Naam, kuandika programu ni kuipangia kompyuta hatua za kufuata, na wanafunzi wa sekondari hujizoeza kazi hiyo kwa mafumbo ya namna hii. Mwaka 1989 vijana wa mataifa mbalimbali walianza kushindana kwayo katika Olimpiadi ya kwanza, huko Bulgaria. Hapa Kenya, mtaala wa somo hilo uliidhinishwa mwaka 2022.

Taabu ni kwamba mtoto akikosa mashine hudhani elimu yenyewe si yake. Sivyo. Fumbo letu lataka karatasi na kalamu tu. Mtu, chui, mbuzi na majani, kila mmoja aweza kuwa ng'ambo hii au ile. Basi hali zote ni 16. Ondoa 6 za hatari, zabaki 10. Mwanafunzi akiziunganisha kwa mistari zile zinazofuatana kwa safari moja, ataiona njia: safari 7, hazipungui.

Wengi hukwama katikati kwa kuona haya kumrudisha mbuzi waliyekwisha kumvusha. Lakini asiporudishwa, hakuna atakayevuka salama. Ndivyo ilivyo kazi ya programu: kurudi nyuma ni hatua mojawapo ya safari.

Basi walimu na wazazi, mtegeeni kijana fumbo hili jioni, wala msimpe jibu. Aandike hatua zake, na mwenzake azifuate neno kwa neno, bila kumsaidia, kama ifanyavyo kompyuta. Siku mashine itakapofika, itamkuta anajua la kuiambia.