Thimlich Ohinga: Mji wa Mawe Usio na Chokaa

Sisi watu wa pwani tukisikia habari za magofu, fikira zetu hukimbilia Gede, Takwa au Jumba la Mtwana. Wengi wetu hudhani kazi ya kujenga kwa mawe ilikomea pale yanapokoma matumbawe na tanuri za chokaa. Mwenye dhana hiyo na afunge safari ya Nyanza.

Mimi nilitokea Homa Bay, nikapita Ndhiwa, nikaingia Migori hadi Thimlich Ohinga, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Jina ni la Kijaluo: msitu mnene wa kutisha, na boma.

Kuta zake zina urefu wa baina ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kama mita moja. Nilipitisha vidole baina ya jiwe na jiwe nikitafuta chokaa au udongo. Hamna hata chembe! Mafundi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha wakajaza mawe madogo katikati, kila jiwe likamshika mwenziwe. Kuta hizi zilianza kusimama mnamo karne ya 16, zama zile Wareno walipokuwa wakiichoma moto Mombasa.

Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Milango ni mifupi, sharti uiname hata uwe nani. Na adui aingiaye kainama huwa kesha kuitoa shingo yake. Humo waliishi watu na ng'ombe wao, Wabantu na Wajaluo kwa zamu, kila waliokuja wakizitengeneza kuta walizozikuta, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 walipohama.

Lakini kilichonisimamisha zaidi ni vishimo vilivyochongwa juu ya mwamba. Ni bao! Wenyewe huliita ajua. Tena wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota humu shanga za kioo zilizotoka ng'ambo. Zimepita mikono mingapi hata kufika huku, Mungu ndiye ajuaye.

Mwaka 2018, katika mkutano wa Manama, Bahrain, UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, ilimokwisha kuingia Lamu mwaka 2001 na Fort Jesus mwaka 2011. Ni heshima iliyostahili. Hata hivyo, maboma ya namna hii kusini mwa Nyanza ni zaidi ya 500, na mengi yamebomoka. Ukuta usio na chokaa hauna subira: mzizi wa mti ukisukuma, au mtu akichomoa jiwe la chini kwenda kujengea kwake, yaliyo juu humwagika.

Mwenye kwenda avae viatu vya kufunga, na apange siku ya Ijumaa kuwa Kendu Bay, upande wa Homa Bay. Huko kuna msikiti wa zamani, na Waislamu wa Kijaluo watakaompokea kwa salamu aijuayo.