Tiketi ya basi ni mapatano: haki zetu njiani

Kila mara likizo kubwa inapofika, kwaya, mama wa kanisa na vijana wetu hupanda basi kwenda mikutanoni. Kutoka hapa Karavia tunaingia mjini Lubumbashi, na huko tunashika njia: Likasi, kilomita kama 120, Kolwezi, karibu 300, au Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, kama 90. Tunaombea safari, na ni vema. Lakini wachache kati yetu husoma tiketi, na wengine huitupa kabla basi halijaondoka.

Tiketi hiyo ni mapatano. Sheria ya mapatano ya nchi yetu, ambayo ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na bado inatumika, inasema katika kifungu cha 33 kwamba watu wakipatana kihalali, neno lao linawafunga kama sheria. Umelipa nauli, naye mwenye basi amekubali kukufikisha. Vifungu vya 258 na 260 vinaongeza kwamba anayemdhuru mwingine kwa kosa lake lazima alipe, na kwamba bosi hujibu kwa kosa la mtu aliyemtuma kazi. Kwa hiyo mwenye basi hawezi kukuambia, “Nenda ukamdai shofere.”

Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na OHADA ina sheria yake ya kusafirisha mizigo kwa barabara, iliyopitishwa mwaka 2003. Gunia la mahindi lililopakiwa kwenye lori likipotea, sheria hiyo inataja hata kiwango cha juu cha malipo: faranga za CFA 5,000 kwa kilo. Lakini inahusu mizigo tu. Mama aliyenunua kiti ndani ya basi hawezi kuitegemea, na ni yeye atakayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa ndani ya basi lile siku ile. Ndiyo maana kile kikaratasi kina uzito.

Ulaya walichukua njia nyingine. Kanuni yao namba 181 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2013, inawapa abiria wa safari za kilomita 250 au zaidi haki zilizoandikwa wazi. Basi likichelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 120, kampuni lazima imwache abiria achague: apelekwe kwa njia nyingine au arudishiwe nauli yake. Isipompa nafasi ya kuchagua, inamwongezea nusu ya bei ya tiketi. Kwa kipimo hicho, njia yetu ya Kolwezi ingeingia na ya Likasi ingebaki nje. Hatutaji hayo ili tuwaonee wivu. Tunataka tu tujue kwamba kudai si utovu wa adabu, maana wengi wetu tumezoea kunyamaza kwa kuogopa kuonekana wagomvi.

Kuhusu ajali, tuseme polepole, kwa sababu hapo ndipo familia huumia mara mbili. Tangu Januari 1973 sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima, ile tunayoiita asiransi, ya kulipia madhara atakayowaletea wengine. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo baada ya ajali swali la kwanza, wagonjwa wakishafika hospitali, ni hili: basi hili lina bima kwa kampuni gani? Andikeni namba ya gari, jina la kampuni ya bima, na mahali polisi walipoandika PV. Ombeni nakala ya hiyo PV. Tunzeni kila karatasi ya hospitali na ya dawa. Mwenye basi akileta pesa kidogo pamoja na karatasi ya kutia sahihi, msitie sahihi katika machozi. Yaweza kuwa inasema mmemaliza madai yote. Kwanza aisome mtu anayeelewa sheria.

Kwa mizigo tuseme kifupi: omba risiti ya kila mfuko unaowekwa chini ya basi, na pesa zibaki mwilini mwako.

Parokia inapokodi basi zima, mapatano yasibaki ya mdomo. Yaandikwe: saa ya kuondoka, bei yote, idadi ya viti, nani analipa péage, na nini kitafanyika basi likiharibika njiani. Mtunza hazina aone karatasi ya bima kwa macho yake na asome tarehe ya mwisho kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Basi likijazwa kupita viti, kiongozi wa kwaya ana haki ya kukataa kuondoka, hata kama wenzake wananung’unika kwamba wanachelewa. Na orodha ya majina ya wanaosafiri, pamoja na simu za jamaa zao, iachwe kwa katibu wa parokia, isibebwe yote ndani ya basi.