Sukuma Wiki, Vitunguu na Jeraha la Kichwa



Mtu akianguka na boda boda hapa Kambi Muru au kule Kawangware akaumia kichwa, kuna mimea ya kumsaidia? Tujibu polepole, maana hapa kukosea ni kupoteza mtu.

Ubongo huumia mara mbili. Mara ya kwanza ni pale kichwa kinapogonga lami. Mara ya pili huja saa na siku zinazofuata. Seli za ulinzi ndani ya ubongo huamka na kumwaga kemikali za kupambana na jeraha, nao ubongo huvimba. Mguu ukivimba, ngozi inatanuka. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Ubongo unabanwa, damu haipiti vizuri, na hata sehemu zilizokuwa nzima zinaanza kufa.

Hapo ndipo flavonoidi zinapotajwa. Hizi ni kemikali ambazo mimea hujitengenezea. Nyingine hutia rangi maua na matunda, nyingine huukinga mmea na jua kali. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na wenzake huko Hungaria walidhani ni vitamini mpya, wakaiita P. Baadaye ilionekana si vitamini. Ziko jikoni kwetu: sukuma wiki na vitunguu vyekundu vina kwersetini, na majani chai yana za aina nyingine. Katika maabara, panya walioumia ubongo walipopewa flavonoidi, uvimbe ulipungua.

Mbona basi tusichemshe tumpe mgonjwa? Kwanza, panya hupewa dawa iliyosafishwa, kwa kipimo kikubwa. Sisi tukila, tumbo na ini huzibadilisha, na kidogo sana hufika kwenye ubongo. Pili, kutuliza uvimbe si lazima kuokoe mtu. Kwa miaka mingi madaktari walitumia steroidi kwa kazi hiyo. Utafiti uitwao CRASH, uliochapishwa 2004 kwa wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba waliopewa steroidi walikufa wengi kuliko wasiopewa.

Kwa hivyo tukumbuke:

1. Aliyepoteza fahamu, anayetapika tena na tena, anayeumwa na kichwa kinachozidi, anayeongea ovyo, anayeshikwa na kifafa au asiyeamka vizuri, apelekwe hospitali mara moja, hata kama jana alionekana mzima.
2. Asinyweshwe miti shamba, anaweza kupaliwa. Asipewe aspirini wala pombe.
3. Shingo yake isitikisike anapobebwa.
4. Kwenye boda boda, tuvae helmeti na tufunge mkanda wake.

Sukuma wiki ya kwenye magunia yetu tuendelee kuila. Ni chakula kizuri, lakini haichukui nafasi ya daktari.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Usiku, ni nani mwenye gari atakubali kumbeba mgonjwa? Namba yake tunayo?
- Mfuko wetu wa dharura una pesa ngapi leo?